Mwalimu wa densi: kuonyesha miondoko bila kuumaliza mwili

Mwalimu wa densi huumia kwa namna tofauti na mchezaji. Mchezaji hupasha mwili, hucheza densi yake mara mbili tatu, kisha hukaa chini. Mwalimu husimama robo saa akieleza na kusahihisha, misuli ikipoa, halafu sauti kutoka safu ya nyuma inasema, "Mwalimu, hatujaona," naye anaruka papo hapo kwa nguvu zote, tena kwa mguu uleule wa kulia aliotangulia nao tangu asubuhi. Shavu la mguu huchanika hapo, si jukwaani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kuutunza mwili wa mwalimu haiko kwenye dawa wala kwenye kukandwa. Iko kwenye jinsi anavyopanga kuonyesha.

Haya yanamhusu zaidi anayefundisha densi za jadi za magharibi mwa Kenya kama isukuti, kamabeka na ohangla, pamoja na densi za kubuni za tamasha za shule kuanzia Kakamega hadi Nakuru, lakini mwalimu wa mazoezi ya densi katika jimu au ukumbi wa kanisa atakuta mengi ya kwake pia.

Hesabu ya marudio

Chukua densi yenye miondoko sita na madarasa manne kwa siku. Ukionyesha kila mwondoko kwa nguvu kamili mara kumi katika kila darasa, jioni inakukuta umecheza mara 240. Ukionyesha mara tatu, ni 72. Wanafunzi hawapotezi kitu. Macho ya anayejifunza huchoka upesi, na ukifika mara ya tano anakutazama tu bila kuona jipya, akingoja zamu yake ya kujaribu.

Gawa maonyesho yako katika viwango vitatu. Cha kwanza ni kamili: kasi yenyewe, kina chenyewe, uso na mabega vyote vikiwemo. Cha pili ni nusu: hatua zote na pande zote zipo, ila huruki, huchuchumai hadi chini, na mabega unayadokeza tu. Cha tatu ni cha mikono: umesimama wima, viganja viwili vinakuwa nyayo zako, na mdomo unatoa mdundo wa ngoma. Kiganja cha kulia kikishuka, mguu wa kulia umekanyaga. Watoto hushika mdundo wa mdomo haraka kuliko namba, lakini kwa densi ya kubuni yenye muziki wa kurekodiwa, hesabu ya nane ni lazima. Waingize kwa "tano, sita, saba, nane" ileile kila siku, kwa kasi ileile ya muziki utakaofuata.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Onyesha kamili mara moja, waone sura nzima. Hamia kwenye mikono na mdomo mpaka darasa lote linapiga mdundo kwa makofi bila wewe. Fanya nusu mara mbili au tatu pamoja nao: miguu kwanza, kisha uzito wa mwili uko mguu upi, kisha kiwiliwili, na mikono na kichwa mwisho. Waache wacheze wenyewe wewe ukitazama. Kamili ya pili ije baada ya wao kushindwa kidogo, kwa kuwa sasa wanajua wanatafuta nini. Ya tatu ni akiba. Siku nyingine hutaihitaji.

Kuna mtego hapa. Kuonyesha polepole si kupumzika. Mtu akicheza hatua ya isukuti kwa nusu ya kasi huku magoti yamekunjwa, paja na goti vinabeba mwili muda mara mbili ya kawaida, bila ule mdundo unaosaidia kuinuka. Walimu wengi wanaolalamikia magoti mwishoni mwa muhula wameyachosha kwa "polepole tuone". Ukipunguza kasi, nyanyuka: hatua ya polepole ionyeshwe ukiwa umesimama karibu wima, na kina kionyeshwe peke yake, mara moja, kwa kasi halisi. Miruko haiwezi kupunguzwa kasi kabisa, kwa hiyo igawanye. Fundisha kutua kwanza (ncha ya mguu, kisigino, goti linakunjika kuelekea vidole, si kuingia ndani), kisha kujiandaa, na mruko wenyewe uje mwisho.

Mtego wa pili ni kuigiza makosa. Mwanafunzi amepinda mgongo, na mwalimu, kwa kunogesha, anapinda mgongo zaidi yake, darasa linacheka, anarudia. Ukifanya hivyo kwa wanafunzi kumi, wewe ndiye umecheza vibaya mara kumi. Kosa lionyeshwe mara moja, dogo, na lifuatwe mara moja na sahihi. Wanafunzi hubaki na kitu cha mwisho walichokiona.

Usimame wapi

Kama mwondoko una kwenda kushoto, kulia au kuzunguka, wape mgongo mwanzoni. Wakishajua njia, wageukie na ucheze kama kioo: unasema "kulia" huku ukitumia mguu wako wa kushoto. Inahitaji mazoezi nyumbani, lakini ina faida mbili. Unawaona usoni, na upande wako wa kushoto unapata kazi. Mwalimu anayetangulia na kulia mwaka mzima huishia na nyonga moja iliyokaza na shavu moja la mguu linalouma. Kama huwezi kioo, badilisha kwa siku: Jumatatu na Jumatano kulia kwanza, Jumanne na Alhamisi kushoto.

Shingo ndiyo inayolipa gharama ya kuwapa mgongo. Mwalimu anatikisa mabega mbele huku amegeuza kichwa nyuma kuangalia kama wanafuata, na mshipa wa shingo unakaza kesho yake asubuhi asiweze kugeuka. Usifanye mambo mawili kwa wakati mmoja. Cheza hesabu nane, simama, geuka mwili mzima, tazama. Au tegesha simu mbele yako kwenye kiti, kamera ya upande wa kioo ikiwa wazi, uwaone humo.

Safu za mbele na za nyuma zibadilishane kila baada ya dakika kumi hivi. Maombi mengi ya "rudia mwalimu" hayatoki kwa wasioelewa, yanatoka kwa wasioona.

Chagua wanafunzi viongozi wawili kwa kila kundi, mmoja kila upande wa safu ya mbele. Usimchague yule mwenye mbwembwe. Chagua mwenye miguu safi, ambaye hata akiongozwa na ngoma ya haraka hapotezi hesabu. Wafundishe robo saa kabla ya wenzao. Halafu jirekodi wewe mwenyewe mara moja, ukiwa umepasha mwili vizuri, sekunde thelathini kwa kila mwondoko, mbele na nyuma. Video hiyo haichoki, na atakayekosa Alhamisi ataiona Ijumaa.

Kila densi ina mahali pake pa kuuma

Isukuti, ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, hupigwa kwa kasi inayomvuta mtu kucheza zaidi ya alivyokusudia. Huwezi kucheza nusu ngoma zikiwa kamili, mwili unakataa. Basi wakati wa kufundisha, mpigaji mmoja tu apige ngoma moja kwa mkono mwepesi. Ngoma zote tatu zianze wanafunzi wanapocheza na wewe umesimama kando. Isitoshe, densi hii ina mwimbaji kiongozi. Usiwe wewe unayeongoza wimbo, unayecheza na unayesahihisha. Pumzi haitoshi, na ikiisha, mgongo huacha kushikiliwa na misuli ya tumbo.

Kamabeka ya Wabukusu kazi yake iko mabegani. Kosa ni kuyapandisha mabega kuelekea masikioni na kuyatikisa yakiwa huko juu. Yashushe kwanza, toa pumzi, acha mtikiso uanzie kwenye bapa za mabega na kiwiliwili, shingo ikiwa ndefu na taya limelegea. Vipindi vya sekunde ishirini, kisha mikono ining'inie. Ukihisi ganzi inashuka mkononi hadi vidoleni, umeshapita kiasi kwa siku hiyo.

Ohangla, upande wa Kisumu na Siaya, humaliza kiuno. Mwalimu mzoefu huzungusha nyonga magoti yakiwa yamelegea. Anayeanza hufunga magoti na kuubonyeza mgongo wa chini nyuma na mbele, na baada ya saa moja hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Jaribio rahisi: weka kiganja kimoja kwenye kitovu, kingine chini ya kifua. Cha chini kizunguke, cha juu kitulie. Kama vyote vinazunguka, mgongo ndio unaofanya kazi ya nyonga. Kufunga leso kiunoni huwasaidia wanafunzi kuona mzunguko hata ukiufanya mdogo, na hiyo ni nafuu kwako. Gara, yaani njuga za miguuni, zivaliwe katika mazoezi ya mwisho tu, juu ya kitambaa. Ule uzito kifundoni, ukichanganywa na kukanyaga kwa nguvu, huchosha muundi wa mguu upesi.

Densi za kubuni zina kubebana. Usiwe wewe msingi wa kila jaribio. Onyesha mara moja na mwanafunzi mwepesi, mzigo ukiwa karibu na kifua, miguu ikisukuma, kisha simama pembeni kama mlinzi wa kudaka.

Kupasha mwili, na kubaki na joto

Dakika kumi kabla ya wanafunzi kuingia, si pamoja nao. Ukipasha mwili pamoja nao utakuwa unahesabu, unapanga safu, unamtuma mtu chaki. Mwili wako hautapata chake.

1. Tembea haraka na upande hatua za jukwaa dakika tatu, mpaka pumzi iongezeke na jasho lianze kuonekana.
2. Zungusha vifundo vya miguu, nyonga na mabega, kumi kila upande. Bembeza mguu mbele na nyuma ukishika ukuta.
3. Inuka kwa ncha za vidole mara 15 kwa miguu miwili, kisha mara 8 kwa kila mguu.
4. Chuchumaa nusu mara 10, kisha miruko midogo 20 isiyozidi kimo cha kiganja.
5. Cheza mwondoko mgumu zaidi wa siku hiyo: nusu mara moja, kamili mara moja.

Kunyoosha misuli kwa kuishikilia muda mrefu kuache hadi mwisho wa darasa.

Nakuru, ambayo iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake zina baridi ya kweli. Ongeza dakika tano na ucheze umevaa sweta mpaka uhisi haja ya kuivua. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, tatizo ni la upande wa pili. Saa nane mchana chini ya paa la mabati misuli iko tayari lakini maji yanatoka mwilini. Kunywa nusu lita saa moja au mbili kabla, kisha mafunda machache kila dakika ishirini. Kwa madarasa mawili mfululizo ya jasho jingi, ongeza chumvi kidogo kwenye chakula au maji. Mkojo wa rangi ya chai ni ishara umechelewa. Timu inayotoka Kisumu kwenda kushindana Nakuru itahema zaidi siku za mwanzo, na mwalimu wake pia, kwa hiyo mazoezi ya siku ya kufika yawe mepesi.

Katikati ya darasa, kanuni ni moja: ukisimama zaidi ya dakika tano ukieleza, usionyeshe kamili kabla ya kuinuka kwa ncha za vidole mara kumi na kutembea raundi moja ya ukumbi. Ukitembea kati ya safu huku ukisahihisha badala ya kuegemea meza, joto halipotei kwanza.

Sakafu

Kumbi nyingi za shule ni saruji au terazo, na saruji hairudishi chochote. Kwa mazoezi vaa raba zenye soli iliyo na unene kiasi, hata kama densi yenyewe huchezwa miguu mitupu. Vua katika robo saa ya mwisho, na uongeze muda wa miguu mitupu wiki hadi wiki. Mkeka juu ya saruji huteleza, na godoro la mazoezi ni laini mno kwa kuzunguka: mguu unanasa, goti linapinda. Nyasi fupi kavu ni nzuri kwa miruko, ila pita kwanza ukitafuta mashimo na mawe. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini ndilo bora kuliko yote; kama shule inalo, usiliache liwe la hotuba tu. Siku ya saruji, punguza miruko yako nusu.

Sauti

Nayo ni sehemu ya mwili, na ngoma za isukuti darasani huishinda sauti yoyote. Usipigane nazo. Kubaliana na wapigaji kwamba ngumi ikiinuliwa, ngoma zinanyamaza. Sema ukimaliza kucheza, si huku unacheza. Mkwaruzo unaozidi wiki tatu uonwe na daktari.

Nguvu inayojengwa nje ya darasa

Kufundisha hakujengi nguvu ya kutosha, kwa sababu unarudia kilekile. Mara mbili au tatu kwa wiki, dakika ishirini, zinatosha. Simama kwenye ngazi visigino vikining'inia, inuka, kisha shuka kwa sekunde tatu: seti 3 za mara 12 hadi 15, ukianza na miguu miwili na kuhamia mmoja mmoja. Lala chali magoti yamekunjwa, inua makalio, shikilia sekunde tano, mara 12. Lala ubavu na ujiinue kwa kiwiko, sekunde 20 hadi 30 kila upande. Kwa mabega na mgongo wa juu, kata utepe wa blada kwa fundi wa pikipiki, ufunge mlangoni, uvute viwiko nyuma seti 3 za mara 15. Hizo nne zinagusa karibu kila mahali panapouma walimu wa densi.

Wiki hatari zaidi ni mbili za kwanza baada ya likizo, hasa ile ndefu ya Desemba, na wiki mbili kabla ya tamasha. Baada ya likizo, mwili umepoa lakini ratiba imerudi nzima. Anza na nusu ya maonyesho kamili na uongeze polepole. Siku mbili za nguvu zisifuatane bila ya kati iliyo nyepesi. Chakula kisiwe cha mashaka: ugali kwa omena, ndengu au mayai ndani ya saa moja au mbili baada ya kazi, na usingizi wa kutosha, vinashinda kinywaji chochote cha nguvu cha dukani.

Maumivu ya kuvumilia na ya kukimbilia hospitali

Uchovu wa misuli unaokuja siku ya pili na kuisha ya tatu ni wa kawaida. Kwa mengine, yapime kutoka sifuri hadi kumi. Yakibaki chini ya matatu na asubuhi hayajazidi yalivyokuwa jana asubuhi, endelea kwa tahadhari. Yakifika matano, au yakikufanya uchechemee, hakuna maonyesho kamili leo. Kisigino kinachochoma hatua za kwanza ukitoka kitandani ni wayo uliochoka. Raba nzuri, mazoezi ya ngazi na kupunguza miruko husaidia, lakini huchukua wiki nyingi, usitegemee siku tatu.

Muundi unaouma eneo refu hutokana na saruji na haraka. Ukiuma nukta moja unayoweza kuigusa kwa kidole, juu ya mfupa, hata ukiwa umelala, unaweza kuwa mfupa wenye ufa. Acha kuruka, nenda hospitali, na ukumbuke picha ya kwanza ya eksirei inaweza isionyeshe kitu. Ukisikia "pa" nyuma ya kifundo kana kwamba umepigwa teke na hakuna mtu, na huwezi kuinuka kwa ncha za vidole, ni kano ya kisigino. Nenda siku hiyohiyo. Kifundo kilichoteguka kinachokuzuia kutembea hatua nne, au chenye maumivu ukibonyeza mfupa wenyewe, kinahitaji picha. Mgongo unaoambatana na ganzi katikati ya mapaja au shida ya kukojoa ni dharura, hata kama ni usiku.

Kwa mteguko wa kawaida, siku mbili za kwanza pumzisha, funga bandeji inayovutika isiyobana hadi vidole vikaganda, inua mguu, weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15. Usikandwe kwa nguvu wala kupakwa dawa ya moto siku hizo. Damu ndani huongezeka. Baada ya hapo anza kukisogeza. Na usimeze diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, ili umalize darasa. Inanyamazisha onyo, kidonda hakijapona, na tumbo tupu nalo litadai lake.

Kufundisha ukiwa umeumia kunawezekana. Leta kiti mbele. Mikono ionyeshe miguu, mdomo utoe mdundo, wanafunzi viongozi wabebe maonyesho kamili, video ijaze mengine. Waambie wanafunzi wazi kwamba leo mwalimu haruki, wasikudai. Mguu ukikubali kuinuka kwa ncha za vidole mara ishirini bila maumivu na bila kutetemeka, rudi kwenye nusu kwa darasa moja la siku, mengine yaendelee kwa kiti, na miruko iongezwe mwisho kabisa, upande ulioumia ukiwa wa pili kutua.